Jirani Yake wa Stambuli

Sisi sote tulimwita Profesa, hata wale ambao hawakujua profesa hufanya kazi gani. Dada yake mkubwa, ambaye kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani nyanya, alitamka Brofesa, na kinywani mwake neno hilo lilisikika kama jina la ng'ombe mkaidi. Jina alilopewa na wazazi wake nilikuja kulijua, lakini kwa miaka yote niliyomfahamu sikulitumia hata mara moja, na leo naona nimechelewa kuanza.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kwake kilikuwa namna yake ya kusema. Waliokufa aliwazungumzia kana kwamba wapo, na walio hai aliwazungumzia kana kwamba wameshapita. Siku ya kwanza nilipofika kwake Boito, Kogo alikuwa amesimama mbele yetu akimimina mursik, maziwa lala ya kibuyu, kwenye vikombe vya bati.

"Dada yangu alikuwa mwanamke mkali sana," Profesa akaniambia.

"Niko hapa," Kogo akasema bila kuinua macho.

"Najua uko hapa." Akanigeukia tena. "Na jirani yangu ana baridi leo. Kuni zake zimelowa na hana nyingine."

Nikachungulia dirishani nione huyo jirani anaishi wapi. Nje kulikuwa na mistari ya chai na ukungu ukipanda kutoka bondeni, basi. Nilikuja kuelewa baadaye kidogo. Jirani aliyemtaja alikuwa mwanachuoni wa mji wa Stambuli, aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu kabla mimi sijazaliwa.

Wakati huo, miaka ya tisini ikianza, nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya kutwa karibu na hapo. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, baba akiwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na mimi nilizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Mwalimu mkuu aliniambia kuna mzee msomi amerudi kutoka ng'ambo, macho yake yana mtoto wa jicho, na anatafuta mtu wa kumsomea Kiingereza. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuongea na mtu aliyesoma vitabu visivyokuwa kwenye mtihani. Nikaanza kwenda kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Vitabu vyake vilikaa ndani ya makasha ya mbao nyembamba, yale yaliyokuwa yakipakiwa chai zamani. Ukifungua kasha ulisikia harufu ya chai kavu na karatasi kuukuu, na juu ya hizo zote harufu ya kahawa. Ndiyo, kahawa. Katikati ya eneo ambalo hata mbwa wananuka majani chai, Profesa alikaanga buni kwenye sufuria, akaitwanga kwenye kinu kidogo cha shaba, akainywa nyeusi kama lami.

"Hii kitu inanuka nyumba yote," Kogo alilalamika. "Wageni watafikiri tunachoma mpira."

"Kuna sultani mmoja anaua watu kwa sababu ya harufu hiyo," Profesa akajibu. "Anatembea mitaani amevaa nguo za mtu wa kawaida, ananusa."

"Anatembea wapi?" Kogo aliuliza, na nikaona ameangalia mlango.

Jinsi Profesa alivyoingia kwenye kazi yake ilikuwa aibu ya Boito kwa muda mrefu. Alipokuwa kijana, watu walifanya harambee wakamchangia kwa ndume na kuku ili aende Uturuki kusomea kilimo cha chai, kwa maana huko nako kuna milima iliyo juu ya bahari ambapo watu wanachuma chai kwenye ukungu kama sisi. Alisomea kweli, kwa muda. Kisha siku moja akaenda Stambuli kugongewa muhuri karatasi fulani, mvua ikamkuta njiani, akajificha kwenye maktaba iliyokuwa ndani ya ua wa msikiti wa zamani. Mzee wa maktaba alimhurumia, akamwekea mbele kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ili asikae bure.

"Sikujua hata herufi moja," aliniambia. "Lakini nilijua kuna mtu amekaa ndani."

Hakurudi kwenye chai tena. Alijifunza herufi zile kama mtoto wa chekechea, akajifunza Kituruki cha zamani, Kiarabu, na Kiajemi kidogo, na mwishowe akawa mtaalamu wa mambo ya dola ya Kiosmani ya karne zile za zamani. Vita na wafalme havikumshughulisha sana. Alitaka kujua wasomi wa mji ule walifikiri nini, walisoma nini, waliogopa nini, na usiku waliota nini. Alifundisha vyuo vikubwa ng'ambo na kuandika vitabu. Boito haikupata hata mche mmoja wa chai kutoka kwake.

"Sisi tulimtuma chai," Kogo alipenda kuwaambia wageni, "yeye akatuletea watu wamekufa."

Kuhusu ndoto alikuwa na maelezo ambayo sijayasahau. Alisema watu aliowasoma walichukulia ndoto kama sisi tunavyochukulia habari za redio. Wasomi wakubwa waliziandika katika vitabu vyao, pamoja na vyeo vya watu na siku za vifo vyao. "Hawaulizi kama ndoto ni ya kweli," alisema. "Wanauliza imetoka kwa nani."

Saa yake ya mkononi ilikuwa tofauti na ya kila mtu. Aliirekebisha jioni, jua likizama, akaweka mishale yote miwili juu kwenye kumi na mbili. Nilipomuuliza, alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha nadra. Akasema alipofika Stambuli na kukuta kwamba watu wa vitabu vyake walianza kuhesabu saa jua linapotua, alijihisi amefika nyumbani, kwa sababu na Mswahili anasema saa moja usiku saa ile ile. "Wengine wote duniani wanaanza siku wakiwa wamelala," alisema. "Sisi na wao tunaanza tukiona giza linaingia." Jambo hili lilimfurahisha kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Alikuwa na mikinzano mingi. Alisali kanisani na kuimba besi nzuri, lakini wakati wa kuwaombea wagonjwa alitoka nje akangoja kwenye nyasi. Alikuwa mkarimu wa chakula, ila hakumruhusu mtu yeyote kuketi kwenye kiti kimoja kilichokuwa karibu na dirisha. Mchungaji alikikalia siku moja bila kujua. Profesa alibaki amesimama mpaka mchungaji naye akasimama.

Nilimwalika mara moja aje aongee na wanafunzi wa kidato cha tatu. Aliwasimulia jinsi katika mji ule walivyojenga nyumba ya kutazamia nyota, juu ya kilima, yenye vyombo ambavyo Ulaya walikuwa wakivionea wivu. Miaka michache tu baadaye ikatolewa amri ibomolewe. Watoto walisikiliza kimya. Msichana mmoja akauliza kwa nini walibomoa.

"Wanasema ni dhambi kuchungulia kule," Profesa akasema. "Mimi nimesoma hoja zao zote. Ni hoja za kijinga. Lakini mtu aliyeijenga anapoiona imelala chini, anachosema ni kwamba sasa angalau na wao hawawezi kutuona."

Hakueleza wao ni nani. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Kuna mwaka ulikuwa wa fujo katika sehemu zetu. Watu waliokuwa wamenunua mkate pamoja miaka yote wakaanza kuulizana wametoka wapi. Familia nyingi za upande wetu zilihamia kwenye uwanja wa kanisa. Baba alikataa kuhama. Alisema mashine za kiwanda hazijui kabila na yeye ndiye anazijua. Siku moja alasiri tukasikia kwamba vijana wanapita nyumba hadi nyumba. Tulijifungia ndani, baba, mama na mimi.

Kabla hawajafika, Profesa alitokea akitembea kwa fimbo, amevaa koti lake refu. Hakubisha mlango. Alivuta benchi letu la nje akaliweka mbele ya kizingiti, akaketi, akafungua kitabu. Sikuwahi kumwona akisoma mwenyewe tangu macho yaharibike. Akaanza kusoma kwa sauti kwa lugha ambayo hakuna mtu wa huko aliijua, polepole, akinyamaza mara kwa mara kama mtu anayengoja mwenzake amalizie mstari.

Nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Vijana walikuja, kama kumi hivi, na rungu na mapanga. Aliyekuwa mbele akasema, "Mzee, ondoka hapo."

Profesa akainua kidole, kama afanyavyo mwalimu darasani, ili amalize ukurasa. Akaendelea. Nikaona uso wa yule kijana ukibadilika. Alikuwa akitazama kando ya Profesa, upande ambao benchi lilikuwa tupu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, wengine wakamfuata, wakaondoka bila maneno, na hawakurudi tena kwenye mstari wetu wa nyumba.

Fujo zilipokwisha nilikutana na kijana yule kwenye kinu cha posho. Alinisalimia kwa aibu, akazungusha maneno, kisha akauliza, "Mwalimu, yule mzee mwingine ni nani? Ule alifunga kitambaa kwa kichwa."

"Profesa alikuwa peke yake," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. "Sawa," akasema, akachukua unga wake akaenda. Baba yangu hakutaka kabisa kusikia habari hiyo. Alisema mtu mmoja alitosha.

Nilipomweleza Profesa, hakushangaa wala hakufurahi. Aliuliza tu kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Sikuwa nimeuliza.

Sasa nifike kwenye siku ya mtoto. Kogo alikuwa na mwana mmoja, naye alimwoa Chebet, msichana mchangamfu wa Siongiroi ambaye ndiye peke yake katika boma lile aliyemtania Profesa. Chebet alijifungua mtoto wa kiume. Jumamosi iliyofuata nilifika kama kawaida, nikakuta wanawake wazee wako kwenye chumba cha ndani pamoja na Kogo. Wakipsigis wana desturi, na ingawa wote ni watu wa kanisa bado hufanywa kimya kimya: mtoto mchanga huwekewa ugoro kidogo puani, na wanawake huita majina ya wazee wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, ndiye huyo aliyerudi.

Mimi na Profesa tulikuwa sebuleni, na kati yetu na chumba kile kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Tuliwasikia wakiita, sauti za chini, majina ya Kikipsigis, jina, kimya, jina, kimya. Mtoto hakupiga chafya. Nikaendelea kumsomea Profesa makala yake mwenyewe ya zamani, aliyoandika kuhusu yule jirani. Nikafika kwenye jina la mtu huyo, ulimi ukateleza, nikalitamka vibaya. Profesa hakuvumilia jambo hilo kamwe. Akanikatiza, akalitaja lote kwa sauti yake ya darasani: jina, jina la baba, na mji aliotoka.

Upande wa pili wa mbao, mtoto akapiga chafya.

Sauti za wanawake zilikoma. Nilisikia mvua ikidondoka kwenye pipa la nje. Kisha Kogo akafungua mlango akasimama, mkono mmoja bado una ugoro.

"Umeita nani kwa hii nyumba?"

"Sikuita mtu," Profesa akasema. "Nilikuwa namrekebisha Mwalimu."

"Mtoto ameitika."

Profesa akavua miwani yake, akaishika tu. Chebet akatokea nyuma ya mama mkwe wake, mtoto amefungwa kwenye shali kifuani. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Profesa, huyo mtu ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo huku."

"Basi niambie alikuwa mtu wa aina gani. Mimi ndiye nitamlea."

Profesa alipojibu, kwa mara ya kwanza nikamsikia akimzungumzia jirani yake kama mtu aliyepita. "Alikuwa mpole," akasema. "Alisoma sana. Aliomba kazi maisha yake yote, akapewa shule ndogo ya kufundisha, halafu wakamnyang'anya. Hakuoa. Alikufa mwaka wa tauni, na hakuna anayejua amelala wapi."

Chebet akamtazama mtoto. "Kwa hivyo amekuja kutafuta kwao," akasema.

Wanawake walirudi ndani wakaita tena, mpaka mtoto akalala. Mwishowe Kogo akatoa uamuzi kwamba aliyerudi ni baba mzazi wa yeye Kogo, na hakuna aliyembishia. Jioni ile Chebet alinisindikiza hadi barabarani akaniomba nisilitamke tena jina la yule mtu, na nisiliandike popote. Nimeshika ahadi hiyo.

Mtoto alikua vizuri, mwenye afya, mwepesi wa kucheka. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Alipoanza kutembea, kila alipofika mlangoni alisimama, akasogea kando, akangoja kidogo, halafu akapita. Alifanya hivyo hata pasipokuwa na mtu. Chebet alidhani ni mchezo, Kogo alisema ni adabu. Lakini nilimtazama Profesa akimtazama mtoto, na niliona hofu. Mtu yule aliyeishi na wafu kwa raha miaka yote, aliyewapikia kahawa na kuwawekea kiti, alimwogopa mtoto wa miaka miwili. Alimpa biskuti kwa kunyoosha mkono wote, kama mtu anayelisha farasi.

Sababu ya kurudi kwake nyumbani aliieleza kila mara kwa namna tofauti. Mara alisema ni mapafu, mara alisema amechoka na theluji. Ukweli niliupata siku alipokuja mgeni.

Ilikuwa alasiri, na gari la kukodi kutoka Kericho mjini lilisimama kwenye njia ya kwa Kogo. Akashuka mwanamke kijana mwenye buti za mvua na shada la maua meupe lililofungwa kwa gazeti. Alisema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mhadhiri kutoka Stambuli, na angependa kuonyeshwa kaburi. Akalitaja jina kamili la Profesa.

Nikamtafsiria Kogo. Kogo akamtazama mgeni toka juu hadi chini. "Mwambie yuko kwa chai."

Nikatafsiri kama nilivyoambiwa, kwamba yuko kwenye chai. Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima. Kabla sijapata maneno ya kufafanua, alikuwa ameshaanza kuteremka kati ya mistari, na maua yake mbele, akitafuta jiwe au msalaba. Ukungu ulikuwa umefika kiunoni. Nilimfuata mbio. Nikamwona Profesa akiinuka polepole katikati ya chai, mahali alipokuwa ameinama kutafuta fimbo yake iliyoanguka, kichwa kwanza, kisha mabega, na mgeni akaketi chini kwenye udongo uliolowa.

Profesa aliongea naye kwa Kituruki mpaka alipoinuka, kisha wakahamia Kiingereza, nadhani kwa ajili yangu. Mgeni alisema mwalimu wake ameandika kitabuni kwamba Profesa ni marehemu. Kwa kuwa hakuna aliyepata neno kutoka kwake, wote waliamini.

"Nani alilia?" Profesa akauliza.

Badala ya kujibu, mgeni akaeleza kilichomleta. Miaka iliyopita, mbele ya mkutano wa wasomi, Profesa alisema kwamba yule mwanachuoni wake amezikwa nje ya ukuta wa mji, karibu na kisima, kando ya mke wa muuza maziwa. Wakamuuliza habari hiyo ameitoa wapi, kitabu gani, ukurasa gani. Akasema, "Ameniambia mwenyewe." Watu walicheka, wakidhani anatania. Yeye hakucheka. Baada ya hapo walianza kumpunguzia masomo, wakamshauri kwa upole apumzike, na akapumzika mpaka akajikuta Boito.

"Sasa wamechimba barabara mpya," mgeni akasema. "Wamepata kisima. Wamepata mawe mawili. Nimeyaona kwa macho yangu na nimeyasoma."

Profesa akashika tawi la chai lililokuwa karibu naye.

"Kila kitu ulichoandika kinasomwa upya," mgeni akaendelea. "Vijana wanakusoma. Nikirudi na kuwaambia uko hai, watakuita. Watakuomba msamaha."

"Nilipokuwa hai walisema nini juu yangu?"

Mgeni akatazama maua yake.

"Na sasa?"

"Wanakuheshimu."

"Basi usiwasahihishe."

Nilishindwa kuvumilia. "Profesa, hiyo ni kazi yako ya maisha yote."

Alinigeukia, na macho yake yenye ukungu yalikuwa yamejaa maji. "Wakiniita, kitu cha kwanza watauliza ni nilijuaje," akasema. "Mwalimu, miaka yote hii nilikuwa na faraja moja tu, kwamba labda walikuwa na haki ya kunicheka. Kwamba nilizeeka, nikachoka, nikabuni. Sasa hiyo faraja imechimbwa barabarani."

Mgeni alilala kwa Kogo siku hiyo, akaondoka asubuhi. Sijui alisema nini alipofika kwao, lakini hakuna aliyemwita Profesa, wala hakuna barua iliyokuja. Kwa watu wa kazi yake aliendelea kuwa marehemu. Maua meupe Kogo aliyatia kwenye kaburi la mumewe, kwa sababu, alisema, mtu hapelekei maua mtu anayekula ugali.

Amekufa kweli sasa. Nilisikia habari nikiwa mbali na sikuwahi mazishi. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwisho wa miaka ile ya tisini. Nilikuwa nimeolewa na kuhamishiwa shule ya Londiani, na nikaja kuwaona wazazi wangu kabla baba hajastaafu. Alasiri nikatembea hadi upande wa Boito, na nikamkuta kando ya barabara, kikapu mgongoni, anachuma chai. Aliyetumwa chai tangu ujana, sasa alikuwa akichuma, majani mawili na chipukizi, kwa kupapasa, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha. Alichuma vizuri.

"Ni Mwalimu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Unatembea kama mtu mwenye madaftari."

Nilimuuliza habari za jirani yake. Nilidhani atasema ana baridi, au ana njaa.

"Haji tena," akasema. "Tangu yule msichana aje. Amepatikana, mawe yake yamesomwa, hana haja na mimi." Mikono yake haikuacha kuchuma. "Nilidhani siku hiyo ikifika nitalala vizuri."

Kisha akaniomba nimweleze habari za Londiani. Nilianza na shule, akasema hapana, mambo ya kawaida. Kwa hivyo nikamweleza kuhusu baridi ya asubuhi na viazi vilivyoungua na jalidi, kuhusu mume wangu anayekoroma, kuhusu ng'ombe wetu aliyeingia dukani akala mkate. Alisikiliza kama mtu mwenye kiu, na nilipofika kwenye ng'ombe alicheka mpaka kikapu kikatikisika. Aliuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Aliuliza mwenye duka alifanya nini.

Wanawake wawili walipita barabarani na vikapu vyao. "Chamgei, Mwalimu," wakanisalimia, nami nikaitikia. Hawakumsalimia Profesa. Wala hawakumkwepa, walipita tu, wakiongea.

"Wameshazoea," akasema.

Sikujua wamezoea nini, na sikuuliza. Nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu na mweusi kwa utomvu wa chai, lakini ulikuwa wa moto, wa moto sana. Tulisimama hivyo. Ukungu ulipanda ukafunika barabara, na tukasikia gari la maziwa likija polepole, lile ambalo huwabeba watu likirudi. Dereva alipunguza mwendo, taa zake mbili za njano, akateremsha kioo.

"Mko wangapi hapo?"

Nilifungua kinywa. Profesa aliwahi kujibu kabla yangu, kwa sauti yake ile ya darasani.

"Ni mmoja tu," akasema, akauachia mkono wangu.